Wasimamizi Thelathini na Mmoja

Herlinda Cavazos alikuwa na barua za kumkataa zilizojaa boksi zima la mabalungi. Maboksi hayo aliyajua vizuri, kwani ndiyo kazi iliyomlisha: kufungasha mabalungi kiwandani, kusini mwa Texas, karibu na mto wa mpakani. Kila mchapishaji wa kaskazini alizisifu hadithi zake, kisha akamtakia kila la heri. Heri hailiwi.

Mama yake, Doña Eulalia, alichoka kumwona ameinunia sahani ya maharage.

"Kwenye sherehe yako ya kutimiza miaka kumi na mitano, gauni nililinunua mimi?"

"Hapana, mama. Gauni lilikuwa na msimamizi wake, aliyelilipia."

"Na keki?"

"Nayo pia."

"Na wapiga muziki walikuwa na wao. Sasa kitabu kina kosa gani hata kizaliwe yatima?"

Ndivyo wanavyofanya shughuli watu wa pale. Mkono mmoja haulei mwana. Basi Don Crescencio, muuza nyama, akawa msimamizi wa karatasi. Ofelia wa saluni akasimamia jalada. Chema, mziba pancha, akasimamia wino, akajigamba kwamba mchango wake ndio pekee unaosomwa. Kitabu kilichapwa kwenye duka la kadi za harusi, na kurasa mbili za mwanzo zilikuwa majina ya wasimamizi, thelathini na mmoja.

Kikapita mkono kwa mkono, mpaka mchapishaji mkubwa wa kaskazini akaandika: atakichapa, kienee nchi nzima, ila zile kurasa mbili zitoke.

Herlinda alikuwa na miaka arobaini na sita. Bahati kama hiyo hairudi mara mbili. Akawaendea wasimamizi wake.

"Toa tu, binti yangu," alisema Don Crescencio huku akikata mbavu. "Jina langu liko kwenye bango la duka, linanitosha."

"Langu liko polisi," Chema akadakia.

Walicheka, naye akacheka nao, lakini njiani hasira zikampanda. Watu wamezoea kutolewa hadi wanajitoa wenyewe!

Kesho yake alipiga simu kutoka ofisi ya kiwanda, mikono inanuka maganda. Wenzake waliacha kazi, wakajazana mlangoni.

"Kurasa zile hazitoki," alisema. "Kama hamtaki, basi, mniachie kitabu changu."

Mhariri wa upande wa pili alikuwa mwanamke mwenye adabu zake. "Lakini Bi Cavazos, nani atasoma majina ya watu asiowajua?"

"Mimi nimesoma ya kwenu tangu darasa la kwanza, dada. Sikumjua hata mmoja."

Upande wa pili zikasikika karatasi zikifunuliwa. 

"Nisomee," mhariri akasema. "Nisomee wote, nihakikishe hatumwachi mtu."

Herlinda akavuta kiti cha bosi, akakaa, akaanza na muuza nyama.