Mama mkwe alitibiwa unene kwa simu, ukoo wakasema namuuza kwa picha za sahani

Wakuu, habari za humu ndani.

Leo sijaja kusimulia vizuri, nimekuja kufoka. Nikikosea herufi mnisamehe. Haya yametokea nyumbani kwangu na nimeyaona kwa macho yangu mawili. Majina sitaji, mengine yote ni kama yalivyo.

Mimi ni mke wa mtu, kijijini, Butiama huko ndani ndani. Mume wangu anafanya kazi Bunda kwenye kinu cha pamba. Anarudi mwisho wa wiki, na msimu ukichanganya harudi kabisa. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa mimi, watoto, na mama yake mzazi. Baba mkwe alishatangulia mbele za haki.

Mama mkwe alikuwa mnene. Sisemi unene wa kupendeza, nasema unene wa kushikwa mkono ndio ainuke kwenye kigoda. Presha anayo, magoti yanauma, na juu ya yote hayo ana ngiri ya kitovu, imetokeza mbele kama ngumi. Akikohoa lazima aishikilie.

Tukaenda Musoma na mume wangu kwa daktari wa upasuaji. Akampima, akamwambia bila kupepesa macho: "Mama, hii inatakiwa kushonwa. Lakini kwa uzito huu na presha hii, nikikulaza mezani naogopa hutaamka. Punguza mwili kwanza. Na usichelewe, maana siku utumbo ukinasa humo ndani itakuwa hatari kubwa."

Hilo likae vichwani mwenu wakuu. Apungue, ndipo apasuliwe, ndipo apone. Hakuna njia nyingine iliyotajwa pale.

Sasa mtu wa kijijini anapunguzwaje? Mtaalamu wa lishe yuko mjini, na kumpandisha tu mama kwenye bodaboda ni shughuli ya watu watatu.

Ndipo nesi wa zahanati yetu akatuambia kuna huduma ya kufuatiliwa kwa simu. Uzito na presha vinapimwa hapo hapo zahanati. Kila wiki afisa lishe anapiga video call kutoka mjini, anaongea na mgonjwa uso kwa uso. Katikati ya wiki unampiga picha kila sahani ya mgonjwa unamtumia, naye anajibu: hapa punguza, hapa ongeza.

Simu ya mama ni kitochi, haina video. Tukaandikisha yangu.

Niwe mkweli, nilijua mtoto wa mjini atatuambia tule matufaa na mkate wa hoteli. Wapi! Yule dada aliuliza kwanza tunakula nini. Tukamwambia ugali wa muhogo na mtama, dagaa, sato wa kukaanga, chai. Akasema endeleeni na hivyo hivyo, ila ugali upungue, mlenda uongezeke, samaki achemshwe, na sukari itoke kwenye chai.

Kwenye sukari ndipo palikuwa na vita. Mama alionja ile chai, akaniangalia, akasema: "Mkamwana, haya maji umeshaoshea vyombo au ndio unataka kwenda kuosha?"

Lakini alikunywa. Yule mama alikuwa na msimamo, akiamua ameamua.

Na video call alizipenda kuliko kitu chochote. Mtandao kwetu unakamata vizuri kwenye yale mawe nyuma ya kanisa, kwa hiyo kila siku ya simu anaoga, anavaa kitenge cha kanisani, tunaanza safari ya mdogo mdogo kwenda huko juu. Mwanzoni tulikuwa tunapumzika njiani kila mahali. Baadaye akawa ananiacha nyuma.

Akifika, kazi yake ya kwanza ni kumtania afisa lishe. "Wewe mtoto mbona umekonda hivyo, wewe nani anakufuatiliaga?" Yule dada anacheka mpaka anashindwa kuandika.

Mwili ukaanza kushuka. Polepole, lakini unashuka. Presha ikatulia. Akaanza kuinuka mwenyewe. Siku moja nikamkuta shambani anang'oa magugu, nikasimama pale nikalia kwa furaha. Daktari Musoma akatupa tarehe ya upasuaji.

Mngedhani kijiji kizima kitapiga vigelegele, si ndiyo?

Hapa niwaeleze wasio wa kwetu. Kwetu mama mzazi kuwa na mwili ni heshima ya watoto. Akinenepa, watoto wanasifiwa, wanamtunza. Akikonda, kuna mtu anaulizwa. Na anayeulizwa siyo mtoto wa kumzaa, ni yule mwanamke aliyeolewa pale, ndiye anayeshika mwiko.

Maneno yakaanza. Mara amepata ule ugonjwa. Mara mke wa fulani anamnyima.  Nikajisemea, akishapasuliwa watajionea.

Shida ikaja na zile picha.

Jirani mmoja aliingia akanikuta nimesimama na simu, mama ameshika sahani, ugali kidogo, mlenda mwingi. Nikapiga picha. Jirani hakuuliza kitu, akaondoka.

Wakuu, mnajua watu wetu wameona mengi. Wageni wamekuja na kamera, wamepiga watoto picha wakiwa na vikombe vya uji mtupu, wameondoka, na baadaye tunasikia kuna mtu ameneemeka kwa zile picha. Kwa hiyo mtu akiona sahani ndogo, mama aliyekonda na simu, hesabu anaimaliza mwenyewe. Kwamba namnyima mama chakula makusudi, nampiga picha akiwa na njaa, nawatumia wafadhili.

Mpaka leo nikiiwaza hiyo akili nahisi kichwa kinapasuka.

Habari zikafika Kamunyonge, pale Musoma mjini, anakokaa wifi yangu mkubwa. Ni dada wa kwanza wa mume wangu, ana maisha yake mazuri, na kwa mwaka tunamwona mara chache sana. Ila siku hiyo alifika mapema kuliko jogoo. Kakodi gari, kaja na shangazi wawili wa ukoo, kaja na kreti ya soda. Mume wangu naye akaitwa kutoka Bunda.

Kikao kikawekwa uani kwangu. Mimi nimekalishwa katikati kama mwizi wa kuku.

Wifi akaanza: "Mama yetu hajawahigi kulala njaa. Hata mwaka wa njaa alikuwaga na mwili wake. Leo tumekuachia wewe, angalia alivyo. Shingo hiyo ya nani? Na hizo picha unampigaga, unamtumia nani?"

Nikasema ni za mtaalamu wa lishe, hospitali ndiyo imetaka.

"Nipe simu."

Nikampa, sina cha kuficha. Akaanza kutelezesha kidole. Sahani, sahani, sahani. Ugali kidogo, majani. Anawaonyesha shangazi, shangazi wanashika vifua. Ushahidi niliokuwa nao wa kumtunza mama, wao wakausoma kuwa wa kumtesa.

Nikaona basi, ngoja mwenye kazi aongee. Nikawaomba twende kwenye mawe, nikapiga video call. Bahati yule dada akapokea. Nikamweleza kwa kifupi kuwa familia iko hapa inataka kujua maendeleo.

Maskini yule binti, akafurahi! Akadhani familia imekuja kushukuru. Akasema kwa sauti kubwa, kwa tabasamu: "Hongereni sana! Mama amepungua sana, na tunataka apungue zaidi!"

Mkuu, ungeona zile nyuso.

Shangazi mmoja akasema: "Mmesikia? Kakiri mwenyewe. Na bado wanataka zaidi."

Wifi akakata simu.

Mama, aliyekuwa ameketi kwenye jiwe, akasimama. Mwenyewe, bila kushikwa mkono na mtu, na hakuna hata mmoja aliyeliona hilo. Akasema: "Mniache. Mimi ndiye nilitaka. Daktari amesema nipungue nishonwe tumbo, na mke wa mwanangu hajaninyima kitu."

Wifi akamjibu: "Mama, wewe tulia, ameshakuzoesha hofu."

Nikamgeukia mume wangu. Mwanaume mzima, alikuwepo siku daktari anaongea, alisikia kila neno kwa masikio yake. Nikamwambia sema. Akaangalia chini, akasema: "Mwache tu akapumzike kwa dada siku mbili tatu, hayo mengine tutaongea."

Hiyo sentensi ninayo kifuani mpaka leo.

Mama alikubali kwenda. Nilipokuwa namfungia nguo nikamuuliza kwa nini, mama, wakati unajua? Akanishika mkono, akasema: "Nikikataa, wataniona nimemkana binti yangu mbele ya watu. Nitaenda nimtulize. Nitarudi."

Akaenda Kamunyonge.

Siku mbili tatu zikawa wiki, wiki zikawa miezi, na kilichofuata nilikiona kwenye status za wifi. Chapati. Supu ya makongoro. Wali, nyama, soda baridi. Mama ameketi kwenye sofa, na maandishi: Mama anarudi kwenye mwili wake. Watu wanamiminika kumpongeza, emoji za makopakopa kila siku.

Nikampa afisa lishe namba ya wifi. Alipiga mara nyingi, mwisho akanipigia mimi, kasema wifi ameifungia namba yake. Nikaenda zahanati. Nesi akanisikitikia, akasema mgonjwa amehama eneo, mwambieni ndugu wa mjini amwandikishe kule. Nani amwandikishe? Yule anayempakulia?

Na hapa nina hasira na nyinyi mnaotengeneza hizi huduma pia. Mnatupa simu, mnatupa picha, mnatupa mizani. Kote huko mliongea na mimi na mgonjwa tu. Hamkuuliza hata siku moja nani katika nyumba hii ana kauli. Mimi ni wa kupika. Wenye kauli walikuwa Kamunyonge, na siku waliyoongea nanyi mara ya kwanza mama alikuwa tayari ameshapoteza kesi.

Tarehe ya upasuaji ikafika. Nilisafiri mpaka Musoma kuhakikisha anapelekwa. Alipoteremka kwenye gari nilijua kabla ya mizani. Kupumua tu ilikuwa kazi. Daktari akapima, presha iko juu, uzito umerudi na nyongeza yake. Akamwangalia wifi, akasema hawezi, mrudi mkaanze upya.

Nikapiga magoti pale korido, wakuu. Nilimwomba wifi anirudishie mama. Akasema: "Ukamalizie?"

Haikuchukua muda. Mchana mmoja, baada ya kula, mama akaanza kutapika. Tumbo likawa gumu, ngiri imevimba, haiguswi. Wifi akasema ni gesi, akampa soda. Alipokuja kukubali hospitali, utumbo ulikuwa umeshanasa.

Daktari ni yule yule. Safari hii hakuwa na uchaguzi, akamlaza mezani hivyo hivyo, na uzito ule, na presha ile. Aliyoyasema siku ya kwanza ndiyo yaliyotokea. Mama hakuamka.

Tukamzika nyumbani Butiama, pembeni ya mume wake.

Sasa nifikie kilichonifanya niandike leo, maana vifo tumezoea, tunalia, tunafuta machozi.

Siku ya msiba, jeneza limefunguliwa, watu wanapita kuaga. Nimesimama karibu na kichwa. Akina mama wanapita mmoja mmoja, wanaangalia, wanatikisa vichwa, na kila mmoja akifika kwa wifi anamkumbatia na kumwambia maneno yale yale:

"Poleni. Lakini mmemtunza. Ameondoka na mwili wake."

Ameondoka na mwili wake! Na wifi analia, anaitikia asante, asante.

Mmoja akafika kwangu. Hakunipa pole. Akasema, "Ashukuriwe Mungu watoto wake walimwahi."

 Ningefungua mdomo siku ile ningefukuzwa msibani, na nilitaka kumzika yule mama. Nilimpenda.

Mume wangu sasa hivi anarudi kila wiki, anataka tuongee. Nampikia, nampakulia, namwachia sahani mezani. Kuongea bado.

Nilichojifunza ni hiki. Kama una mzazi mnene kijijini na daktari amesema apungue, usianze na sukari, usianze na ugali. Anza na ukoo. Wakalishe wote, shangazi, mawifi, hata jirani mwenye mdomo, wasikie kwa daktari mwenyewe kabla mzee hajapungua hata kidogo. Na wewe mwanaume, siku ukiambiwa sema, sema. Mke wako hana mdomo kwenye kikao cha kwenu, na wewe unalijua hilo.

Na nyie mnaokwenda kusalimia mama na kreti ya soda mara moja kwa mwaka halafu mnajiita watunzaji, Mungu anawaona.

Wakuu, wenye uzoefu na hizi huduma za simu karibuni mseme, nyie mlipitaje kwa ndugu? Manesi na madaktari mliomo humu, naomba mjibu. Mnaotaka kuniambia nimsamehe wifi, naomba mpite uzi mwingine. Kila nikienda sokoni bado wananiambia niige mfano wake.