Masikio ya Popo, na Yangu

Nyumbani kwetu Kamalondo katuni zinasema Kifaransa, na wadogo zangu bado hawakisikii vizuri. Mkalimani ni mimi, yaya wao, yaani mkubwa wao. Nusu natafsiri, nusu natunga, na mpaka leo hakuna mteja aliyelalamika.

Ile Jumamosi jua la mwezi wa kumi lilikuwa linapika mabati, na mimi kichwani kofia ya sufu. Wenzangu wa darasa walikuwa wamepita kuniita tukaogelee. Wangengojana kwenye kona mpaka wote wafike. Nikawajibu mlangoni, "Niko na kazi." Kazi gani? Hakuna anayeogelea na kofia, na chini ya yangu kuna masikio mawili ambayo Mungu aliyakata bila kupima. Darasani nachekesha wote, lakini kurudi narudi peke yangu, nisije nikaambiwa niivue.

Katuni yenyewe ilikuwa ya kijana popo. Anaishi peke yake pangoni, masikio kayafunga kitambaa. Wenzake wanamwita kwenye karamu, anawajibu Kifaransa kirefu. Nikatafsiri: "Niko na kazi."

Mdogo wangu wa kike akageuka. "Yaya, ile haiko maneno ya popo. Ile ni yako!"

"Nyamaza, ao utafute mutafsiri mwingine."

Mwishowe popo akafika mlangoni pa karamu, mkono juu ya kitambaa, na paa! Umeme ukakatika.

Kelele ikawa ya soko. "Yaya, malizia! Anavua ao havui?"

Ningeweza kumrudisha pangoni. Filamu sasa ilikuwa yangu. Nikasema, "Anavua."

"Na bengine banacheka?"

"Banacheka mpaka banaanguka. Yeye anabaambia: mulete kwanza bukari na mboga, masikio tutayaongelea tukisha kula."

Walicheka. Lakini yule mdogo wangu alikuwa haangalii tena runinga. Aliangalia kofia. "Na weye?"

Nikavua. Walicheka kuliko wale popo niliowatunga. Kitinda mimba akashika sikio moja kama mkono wa sufuria, akavuta. Halikutoka. Sikufa.

Nikaiacha kofia palepale, nikakimbia nje. Wenzangu walikuwa bado kwenye kona.

"Ee, mwana! Masikio yote haya ulikuwa unamufichia nani?"

"Weye. Nilijua utaomba moja."

Nilirudi maji yamejaa masikio yote mawili. Kesho yake walionitania walipoteza maneno bure: sikuwa nikisikia.