Sauti ya Binti Yangu kutoka Mji wa Vita

Binti yangu alianza kunitia hofu kwa kisa cha mtu aliyekufa zamani. Alikuwa bado anasomea kazi ya ubalozi, na kila Ijumaa tukikaa kula hapa Darsait, Maskati, alituletea habari za vitabu vyake. Kisa alichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha balozi wa Marekani aliyekuwa Ujerumani wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Alikuwa mwanasheria na jaji wa New York, kazi ya ubalozi hakuizoea. Alifika Berlin kukiwa na amani na karamu, na muda si mrefu vita vikazuka. Nchi yake haikuwamo vitani, basi mabalozi wa upande wa pili walipofunga virago wakamwachia watu wao. Akawa yeye ndiye wa kuingia kwenye makambi ya mateka kutazama wanakula nini na wanalala wapi. Ikaendelea hivyo mpaka Marekani nayo ikavunja uhusiano.

"Hapo sasa, Baba," aliniambia, kijiko mkononi. "Wakamkatia simu. Wakamzuilia ruhusa ya kutoka. Wakamletea mkataba atie saini. Akakataa, akawaambia yuko radhi kukaa pale pale mpaka vita viishe."

"Wakamwacha?" akauliza mama yake.

"Wakamwacha, Mama. Akapanda treni na watu wake mpaka Uswisi."

Nikamwambia, "Huyo alikuwa na manowari nyuma yake. Wewe utakuwa na nini?"

"Mie nna dua zako," akasema, akajiongezea mchuzi.

Mama yake alicheka. Mimi sikuweza. Nilitoka Unguja nikiwa kijana, wakati watu walikuwa wakiondoka bila kuaga, na najua mji unavyokuwa pale kila mtu anaposikiliza mlangoni kwa mwenzake. Sikutaka mwanangu aufanye mji wa namna ile kuwa kazi.

Lakini aliifanya, na aliiweza. Alianza wizara ya mambo ya nje, kule Al Khuwair, akapelekwa nje, akarudi, akapelekwa tena, mpaka akawa balozi katika nchi ambayo siitaji hapa. Akafika kukiwa na amani na karamu. Halafu vita vikaingia. Balozi nyingine zikafunga, na mbili kati yake zikaikabidhi ofisi yake raia wao waliokwama. Siku aliponiambia hayo kwa simu nilikumbuka mchuzi ule wa Ijumaa.

"Rudi nyumbani," nikamwambia.

"Nikirudi mie, hawa nimwachie nani?"

"Mwachie Mungu."

"Baba," akasema taratibu, "na mimi si nimetumwa na Mungu huyo huyo?"

Tulikuwa tukisema Kiswahili, kama siku zote. Hapa pana jambo ambalo msomaji asiye wa kwetu lazima alielewe. Sisi tuliotoka Unguja tulipofika Maskati, Kiswahili kilitutia aibu kwanza. Tukikisema barabarani watu walitugeukia. Baadaye tukakigeuza kufuli. Ukiwa sokoni Matrah, muuzaji mbele yako, unamwambia mkeo, "Ghali huyu, tujifanye tunaondoka," na muuzaji anatabasamu bila kujua. Mambo ya kazi tulisema kwa Kiarabu. Ya maradhi, ya posa, ya ugomvi wa ndugu, yote kwa Kiswahili. Binti yangu alikulia ndani ya kufuli hilo. Alijua simu zake kule zinasikilizwa, na aliamini, kama nilivyomfundisha mwenyewe, kwamba kwa Kiswahili ni kama anaongea nasi jikoni.

Siku moja, vita vikiwa vimepamba moto, ujumbe wake wa sauti ulinifikia baada ya adhuhuri. Sauti ilikuwa chini, kama ya mtu aliyejifunika shuka.

"Shikamoo Baba. Kesho asubuhi tunatoka, inshallah. Tuna watoto na wagonjwa wa wale tuliokabidhiwa. Barabara kuu hatupiti, tunashika njia ya mto mpaka daraja la zamani. Simu nnaizima sasa. Mwambie Mama tu."

Nilimwambia mama yake. Akaenda kuswali. Mimi nikabaki na simu, na simu ikalia. Alikuwa dada yangu, shangazi wa binti yangu, aliyemlea miaka ile mama yake alipokuwa mgonjwa.

"Mna habari gani?" akauliza.

"Hatuna jipya."

"Mwongo wewe. Sauti yako naijua tangu huna meno."

"Dada, tuombe Mungu tu."

"Mtoto yule nimemlisha uji kwa mkono huu! Leo nafichwa kama jirani? Haya, kaa nayo siri yako. Siku akiletwa kwenye sanduku msiniite."

Akakata. Neno lile la sanduku lilinichoma. Na kununa kwa dada yangu si kwa siku moja. Kunapita harusi mbili na maziko. Nikafikiri nimpelekee ile sauti yake, asikie mtoto yu hai. Kisha nikafikiri, nikimpa yeye peke yake, ndugu yangu wa Unguja naye atanuna, na wa Dubai, na wale wa London. Katika ukoo wetu kuambiwa wa mwisho ni tusi. Basi nikaiweka kwenye kikundi cha ukoo, nikaandika chini yake: siri, muombeeni. Nikajiona mtu mwenye busara, nimewaridhisha wote. Nikalala kidogo.

Nilipotoka kwenda msikitini alasiri, mlinzi wa jengo la mkabala alinipungia mkono. Ni kijana wa Kenya, mwenye heshima, hunibebea mifuko ya dukani.

"Mzee wangu, hongera! Nimeskia msichana anatoka kesho. Hiyo njia ya mto ni afadhali. Huko barabara kuu wanapiga vibaya sana."

Nikamuuliza kasikia wapi.

"Si hiyo voisi, mzee. Inazunguka. Mimi nimetumiwa na binamu yangu, nikajua sauti ni ya msichana wako."

"Binamu yako yuko wapi?"

"Yuko huko huko. Anapika kwenye kambi ya majeshi, nje ya huo mji. Sisi tuko kila mahali, mzee." Akacheka kwa wema kabisa. "Wanamwombea, hata yeye amesema wanamwombea."

Nikaishika nguzo ya taa iliyokuwa karibu. Kambi ya majeshi yale yale yanayoupiga mji. Mpishi anacheza sauti ya mwanangu jikoni, na mbele yake wanasimama askari na sahani zao. Kijana akaniuliza kama nataka maji. Nilirudi nyumbani kumpigia binti yangu, simu imezimwa. Nikaufuta ujumbe kwenye kikundi. Nilijua ni sawa na kufunga banda wakati kuku wako kwa jirani, lakini niliufuta.

Kulikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda, napo ni kwa wakubwa zake Al Khuwair. Nikaingia garini, nikakaa injini ikiunguruma bila kuondoka. Nikisema, watajua kwamba balozi wao alimwambia baba yake njia ya msafara. Kazi yake yote, tangu zile Ijumaa, ingeanguka kwa mkono wangu. Nisiposema, basi daraja la zamani, asubuhi, watoto na wagonjwa. Ukiisoma hivi utaona hakuna la kuchagua. Mimi nilichagua kwa muda mrefu. Hata barabarani, nilipofika njia ya kutokea kuelekea wizarani, niliiona na nikaipita kwa makusudi. Nikaenda hadi mzunguko wa mbele nikijiambia pengine hakuna atakayejali sauti ya mwanamke kwa lugha ya wapishi. Nikageuza pale. Hofu ya kumwua ilikuwa imeipita hofu ya kumwaibisha, ila si kwa mbali. Hilo nalikiri.

Ofisi nyingi zilikuwa zimefungwa. Alikuwepo ofisa wa zamu, mdogo kwa mwanangu, kanzu yake ya dishdasha safi kama karatasi. Nikamwambia mimi ni nani. Akasimama kwa heshima, akaniagizia kahawa. Nikamchezea ile sauti. Akasikiliza akiinamisha kichwa, hakuelewa kitu.

"Anasema nini, ami?" akauliza kwa Kiarabu.

Basi nikalazimika kuyatafsiri maneno ya mwanangu mbele ya mtu wa wizara yake, moja baada ya jingine. Nilisema njia ya mto. Nilisema daraja. Kalamu yake ikasimama. Nilipofika pale anapozima simu nikaishia hapo.

"Ndiyo yote?"

Ningeweza kusema ndiyo. Asingejua. Neno lililobaki lilikuwa langu, si lake.

"Hapana. Mwisho anasema, nimwambie mama yake tu."

Akaniangalia. "Na wewe ulimwambia nani?"

"Ukoo wangu."

"Uko wapi ukoo wako?"

Nikaanza kuitaja miji: Unguja, Dubai, London. Akaelewa. Alichukua simu yake, akaenda chumba cha pili akafunga mlango, na kahawa yangu ikapoa pale mezani.

Msafara haukutoka. Namna walivyompata sikuambiwa. Wiki ile ile daraja la zamani lilipigwa. Tuliliona kwenye televisheni, limekatika katikati. Kama ni kwa sababu ya sauti ile au lingepigwa tu, sijui, na wanaojua hawatanijibu. Nilichokijua ni kwamba mwanangu alibaki amezuiliwa mle mjini, kama yule Mmarekani wake, ila aliyemzuilia ni mimi. Kila simu ilipolia nilimwachia mama yake apokee. Nilikuwa nikisikiliza pumzi yake ya kwanza, kabla hajasema "aloo", nijue kama nimekuwa muuaji.

Walitoka baadaye, kwa njia nyingine, wamejaa vumbi, hai. Wote isipokuwa mgonjwa mmoja, mzee wa kisukari, aliyeishiwa dawa kule chini ya jengo walikojificha wakingojea. Hilo binti yangu hakuniambia mimi. Alimwambia mama yake, na mama yake akaninong'oneza akiwa amenipa mgongo.

Siku aliyofika nilimwomba radhi kabla hajavua viatu. Nilikuwa nimeyapanga maneno mengi.

"Mie ndo nilosema, Baba," akanikatiza. "Weye ulisikiliza tu." Akanibusu mkono, akaenda kuoga.

Sasa anafanya kazi Al Khuwair, kwenye ofisi ya ndani. Hakuna aliyeniambia ni adhabu, na yeye hasemi. Ijumaa anakuja, tunakula, anatuuliza shinikizo la damu. Simu yake ikilia anatoka nayo kwenye roshani na kuvuta mlango wa kioo. Nakiona kinywa chake kinakwenda. Kisa cha balozi wa Berlin hakukisimulia tena, na mimi sithubutu kumkumbusha.

Juzi niliona sanduku lake la safari sebuleni kwake. Nikamuuliza, kwa Kiswahili, kama amepangiwa nchi nyingine. Alinijibu kwa Kiarabu, kwa adabu nzuri, "Khair, inshallah." Ndivyo tunavyowajibu watu wa nje.

Jioni dada yangu akapiga simu. Habari za sanduku zilikuwa zimemfikia.

"Mtoto anakwenda wapi?"

"Sijui, dada."

"Umeanza tena. Hujui!"

"Wallahi sijui."

"Unanificha," akasema, na nikamsikia anaanza kununa. Nilikuwa nikifikiri miji yote ambayo mwanangu anaweza kupelekwa. Nikaishika simu sikioni, nikamwacha anune.