Figa Lililopasuka Dundori

Figa la mama mkwe wangu lilipasuka nikichemsha githeri, mahindi na maharagwe. Sufuria ikainama, mchuzi ukazima nusu ya moto. Mawe hayo matatu aliyapanga mwenyewe alipoolewa huku Dundori, na kwa ukoo wao, figa la mwanamke likipasuka, yeye hahami mpaka ijulikane ni nani amelikosea. Na Jumamosi hiyo mwanawe mdogo alikuwa aje kumchukua akaishi naye Section 58 mjini Nakuru, karibu na hospitali, kwa sababu ya magoti.

Mimi sikutaka aende. Lakini pia sikutaka abaki akinishuku, kwa hivyo sijui nilikuwa naomba nini hasa.

"Nani amelimwagia maji baridi?" akauliza.

"Si mimi, Mami."

"Sijasema ni wewe. Nimeuliza nani."

Tulikuwa wawili tu hapo jikoni.

Jioni akaja binti wa jirani kuchukua maziwa. Anasomea mawe chuo kikuu. Aliokota kipande, akakipuliza jivu, akakitazama kwa kioo kidogo cha kukuza.

"Hizi chembe nyeupe ni madini ya feldspa," akasema. "Ziliganda kwanza, polepole, wakati jiwe lote lilikuwa uji wa moto chini ya ardhi. Hii sehemu ya kijivu iliganda baadaye, uji ulipotoka juu ukapoa haraka."

Nikamuuliza moto wenyewe ulikuwa kiasi gani. Sikusoma sana, naogopa maswali ya kijinga, lakini hilo lilinitoka.

"Kama digrii mia tisa hivi, auntie. Maji yakichemka huku kwetu nyanda za juu hata mia hayafiki."

"Sasa lilitoka kwa moto kama huo," mama mkwe akamkatiza, "kuni zangu zingelifanya nini?"

"Haziwezi kuliyeyusha, Shosho. Zinalichosha. Kila aina ya madini humo ndani inatanuka kwa kipimo chake, ikipoa inarudi kwa kipimo chake. Ukipika miaka yote hiyo, siku moja yanaachana."

"Kama mimi na huyu," akasema, akinionyesha kwa kidevu. Tukacheka, mimi kidogo kuliko wao.

"Kwa hivyo hakuna mtu aliyelikosea?" mama mkwe akauliza.

Yule binti akakigeuza kile kipande. "Maji baridi yanaweza kuharakisha. Lakini ufa huu ni wa zamani. Angalia, masizi yameingia mpaka ndani."

Mama mkwe akakisogeza kipande karibu na macho, kisha akanipa mimi. Ni kweli, ndani kulikuwa kweusi. Nikashusha pumzi. Nilidhani mambo yameisha vizuri.

Asubuhi nikamkuta anakunja mablanketi.

"Mami, vipi?"

"Si ulisikia? Hakuna kesi ya kunizuia. Nilikuwa nimejiandaa kukaa hapa nikingoja kesi."

Nilitamani kumwita yule binti nimuulize kama ana hakika. Pengine angesema hana, watu wa shule husema hivyo. Lakini masizi niliyaona kwa macho yangu, na magoti ya mama mkwe nayaona kila siku akipanda kutoka shambani. Nikamsaidia kukunja.

Jumamosi shemeji akapakia mablanketi na gunia la viazi. Mama mkwe akaketi mbele, akabamiza mlango mara ya pili ndipo ukashika, akaniambia nisimwamini ng'ombe mweusi akitulia, ana teke. Nikasema sawa. Gari likateremka kuelekea Nakuru, nami nikaenda kukamua.