Mnazi Mfupi wa Shangazi

Shangazi yangu wa Kipungani hataki kusaidiwa. Jambo hilo hunipandisha hasira, na ndilo linalonifanya nimpende. Mumewe alipofariki alimwachia mnazi mmoja mrefu ufuoni, wenye nazi kubwa na tui zito. Lakini wakwezi siku hizi wako Shela, wanajenga mahoteli, naye akawa anakaa kungojea nazi yake mwenyewe ianguke. Tena bahari ilikuwa inaula ule mchanga, mizizi yote iko nje.

Nikamwambia apande nazi zake. Akanicheka.

"Nipande mrefu mwengine, aukwee nani? Wewe?"

Bwana shamba, mtu wa bara anayeipenda minazi kama aliyezaliwa nayo, ndiye aliyemwonyesha njia. Nyuma ya jiko shangazi alikuwa na mnazi mfupi wa manjano, unaozaa mapema ila nazi zake ndogo. Ukiyapulizia maua yake unga wa maua ya ule mrefu, alisema, mtoto huzaa haraka, huchelewa kurefuka, na nazi yake hutosha chungu.

Basi ungemwona shangazi! Aliyatoa maua ya kiume ya mnazi mfupi moja moja, kwa vidole vilivyozoea kusuka ukili, akabakisha vidaka tu, yale ya kike yatakayokuwa nazi. Akavifunika kwa mfuko alioushona kwa kanzu ya marehemu, maana kitambaa cha dukani alikiona chepesi, nyuki watapenya na unga mwengine. Mkwezi mmoja tulimbembeleza mpaka akatushushia shada la maua ya mrefu. Shangazi akayaanika kivulini, akayachekecha, na vidaka vilipoanza kunata akawa anavipulizia ule unga kila asubuhi. Wallahi mimi ningechoka siku ya kwanza.

Vidaka vikashika. Akautoa mfuko, akafunga kipande cha ile kanzu kwenye kole, lile shada la nazi changa, asije mtu akazigusa. Zikakua mpaka zikawa madafu.

Ndipo upepo wa kusi ulipouangusha mnazi mrefu baharini, kichwa na maua yake yote yakazama kwenye chumvi. Upepo huo huo ukayachukua makuti ya jiko. Majirani wakaja kumwezekea, na kazi ya namna hiyo kwetu hailipwi, hata ukitoa pesa utaambiwa unatukana.

Nilifika adhuhuri kutoka Amu mjini, ninakokaa, nikakuta jiko limeshaezekwa na watu wameketi wanafuta midomo. Chini kumejaa madafu yaliyopasuliwa. Nikatazama kole la kanzu. Imebaki moja.

"Shangazi! Umewapa zile?"

"Nimewapa."

"Na mrefu umekwenda! Unga mwengine utautoa wapi?"

"Watu wamekaa juu ya paa langu na jua hili," akasema, "niwape maji ya mtungi? Mume wangu hakumtoa mtu nyumbani humu na kiu."

Nilinuna, nikarudi Amu bila kula. Njiani nikalia, na sikujua ninamlilia nani.

Ile moja aliiacha ikakomaa, akaifukia nusu kando ya mtungi, mahali penye unyevu. Bwana shamba alikuwa ametuambia: chipukizi likitoka la manjano, mnazi mfupi umejizalia peke yake, unga wa mrefu haukushika. Likitoka la kahawia, baba yake ni mrefu. Kila Ijumaa nilikwenda, moyo juu juu. Yeye alikuwa anasuka mkeka wake kama hana habari, lakini niliona jinsi alivyoketi kila mara ameielekea ile nazi.

Siku moja akanipigia simu. "Ndoo," akasema, yaani njoo, akakata.

Nilimkuta amechuchumaa. Chipukizi lilikuwa limetoka, kali kama ncha ya sindano ya mkeka, la kahawia iliyokolea. Akaligusa kwa kidole kimoja, kisha akavuta mtandio akajifuta uso.

"Ndiye," akasema. "Na safari hii nitamfikia bila mkwezi."