Siku Mtani Wetu Aliponyamaza

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo naona haya kana kwamba nilitenda mimi, na ilhali nilikuwa nimekaa tu mkekani nakula muhogo. Ni siku kaka yangu Shomari alipomtukana Mama Masanja uwanjani. Nakusimulia kwa sababu jana umerudi mpirani sauti imekukauka, nikakuuliza mliwaimbia nini wenzenu, nawe ukacheka ukasema, "Aah, utani tu ule, wale si watani wetu?" Neno hilo la utani mnalitumia sana siku hizi. Kaa basi nikwambie lilikuwa na uzito gani.

Waingereza walikuwa bado wanatawala, vita vikubwa vya pili vimekwisha, na Temeke yetu ilikuwa na mihogo mingi kuliko nyumba. Uwanja wenyewe ulikuwa mchanga na vijiwe, ukianguka unainuka goti halina ngozi. Lakini klabu yetu ilikuwa ya watu na familia zao. Upande mmoja walisimama wanaume na madebe yao ya kupiga, upande wa pili tulikaa sisi wanawake mikekani na watoto, na mpira ukiisha timu zote mbili zilikula kwetu mihogo ya nazi, aliyefunga na aliyefungwa. Baba yangu alikuwa mkali. Msichana wa rika langu alitoka nyumbani kwenda kisimani, shambani na harusini, basi. Mpirani nilikwenda kwa sababu Baba aliamini kwamba hapo hakuna la kumwaibisha mtu, na mie nilizipenda Jumapili zile kuliko sikukuu.

Shomari ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo. Mungu alimpa sauti ambayo ungeisikia kutoka Mtoni. Akili alimpa pia, ila ilikuwa inachelewa kufika.

Sasa huyo Mama Masanja alikuwa jirani yetu, Mnyamwezi, mjane, na mwanawe Masanja alikuwa kuli bandarini na golikipa wa timu ya makuli. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu babu zao waliposhuka pwani na misafara. Mtani wa kweli, mwanangu, si mtu unayeshindana naye mpira. Mama Masanja alikuwa akiingia uani kwetu bila hodi, anafunua chungu, anaonja, kisha anasema, "Mchuzi huu hauna chumvi, kama nyie wenyewe." Bibi yetu Mwanahawa, aliyemzaa Baba, anamjibu kutoka kitandani, "Kula upesi uondoke, majirani wasije wakadhani nimefuga mbuzi." Wanacheka mpaka Bibi anakohoa. Akipenda kuku wetu anamshika na kuondoka naye, na hakuna wa kumuuliza.

Na msiba ukitokea, mtani ndiye mwenye shughuli. Babu alipofariki, Mama Masanja ndiye aliyechota maji na kupasua kuni, halafu akavaa kanzu ya Babu na kofia yake, akatembea uani kwa mwendo wa Babu na kuwagombeza waombolezaji kwamba hawaswali. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Masanja na vijana wenzake wakaziba mlango, jeneza halipiti mpaka wapewe kuku. Ndivyo mtani anavyokusaidia kubeba kifo, anakipunguza uzito kwa kicheko.

Basi Jumapili hiyo timu ya makuli ilikuja kwetu. Shomari akaanza vizuri. Akaimba kwamba mikono ya Masanja imezoea magunia ya mchele, mpira kwake ni punje, atauonaje? Tukacheka wote. Mama Masanja naye akasimama mkekani, kanga kiunoni, akajibu kwamba Wazaramo wana miguu ya kukimbilia sahani tu. Tukazidi kucheka. Mpaka hapo mambo yalikuwa mahali pake.

Kipindi cha pili tulikuwa bado hatujapata bao. Walikuwapo vijana wageni, wamekuja kutoka mjini na pombe zao kichwani, na mmoja akapaza sauti akatoa tusi. Wanaume wachache wakacheka. Shomari akakisikia kile kicheko, naye alikuwa mtu wa kupenda kuchekewa. Akalichukua lile tusi akalitia katika wimbo, akamtaja Mama Masanja kwa jina, na kundi zima likaitikia kwa madebe. Yalikuwa matusi ya nguoni. Maneno yenyewe sikutajii; mdomo huu ninaulia chakula.

Masanja aligeuka golini kumtazama mama yake. Mpira ukapita pembeni yake ukaingia. Watu wetu wakaruka kwa furaha, na mie nilikuwa namwangalia Mama Masanja. Alichukua upande wa kanga akajifunika uso, akainuka, akaondoka. Mama yangu akakunja mkeka, akanishika mkono, na wanawake wengine wote wakafuata na watoto wao. Mihogo ilibaki motoni hadi ikaungua.

Sijui mngeendelea kushangilia nyie wa leo. Shomari aliendelea.

Jioni, tumekaa tunakula, mtoto wa shangazi yangu, Zuhura, ambaye hata meno ya utotoni yalikuwa hayajaanza kung'oka, akaanza kuimba peke yake. Aliuimba wimbo wote, mpaka tusi lenyewe, kwa sauti nzuri kabisa. Baba aliacha tonge mkononi. Baba Mkubwa Kondo, kaka yake Baba, aliyekuwa fundi wa kuezeka makuti na mkubwa wa ukoo wetu, akauliza polepole, "Wimbo huu mtoto kautoa wapi?" Macho yote yakamwendea Shomari.

Baba Mkubwa hakupiga kelele. Alinawa mikono, akamwambia Shomari akae mbele yake.

"Baba Mkubwa, ule ni utani," Shomari akasema. "Mnyamwezi ni mtani wetu, na mtani hakasiriki."

"Nani aliyekufundisha utani wewe?"

Shomari akafungua mdomo, Baba Mkubwa akamkatiza.

"Mtani humtania mwenziwe uso kwa uso, mmoja kwa mmoja, na mwenziwe anayo nafasi ya kujibu. Wewe nyuma yako walikuwapo watu na madebe. Yule mama alikuwa na nani? Angejibu nini, na kwa sauti ipi?"

"Lakini tulishinda," Shomari akasema. Nilitamani ardhi immeze, naye ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Baba Mkubwa akatikisa kichwa. "Mwanangu, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Anayetania ndiye anayezika. Wale waliokuitikia leo, siku ya msiba wetu nani kati yao atakuja kutuchotea maji? Utani huu tumeurithi kwa wazee, nao waliurithi. Wewe umeutumia wote mchana mmoja. Nenda kwa Mama Masanja kesho, ukamtake radhi."

Shomari akaitikia, ndiyo Baba Mkubwa. Lakini kesho ikawa kesho kutwa. Leo ana kazi, leo mvua, leo Mama Masanja hayupo. Aliona haya, na mtu anayeona haya huwa mwepesi wa kutafuta shughuli. Sie wanawake tukakatazwa kwenda mpirani, na Jumapili zangu nikazimalizia jikoni nikiyasikiliza madebe kwa mbali. Nilimchukia kaka yangu wakati ule, sikufichi.

Lililoniuma zaidi lilikuwa kwa Bibi Mwanahawa. Homa ilikuwa imemzidi, na hatukumwambia kilichotokea. Kila siku aliuliza, "Mtani wangu mbona haji?" Mama anamjibu, ana kazi nyingi. Bibi anasema, "Kazi gani ya kumzuia kuja kuniibia kuku?" Anatabasamu, anageukia ukutani. Siku moja nilimkuta Shomari amesimama nje ya dirisha, ameyasikia hayo, machozi yanamtoka. Nikamwambia, "Nenda sasa hivi." Akasema atakwenda baada ya magharibi. Alfajiri yake Bibi akafariki.

Tulijiuliza kama Mama Masanja atakuja. Alikuja kabla jua halijapanda, mzigo wa kuni kichwani. Tukamwamkia, akaitikia. Alichota maji ya kuoshea maiti, akafagia uwanja, akapika, akawagawia watu. Hakuna kazi ya mtani aliyoiacha. Ila hakutania. Hakuonja mchuzi wetu akausema. Hakuivaa kanga ya Bibi. Waombolezaji walikuwa wakimtazama, wanangoja, naye anaosha vyombo ameinamisha kichwa.

Wakati wa kutoa jeneza, Baba Mkubwa Kondo alifika mlangoni akasimama. Nilijua anangoja mtani azibe mlango. Masanja na wenzake walikuwa pale pale, wamepanga mstari kwa heshima, wameacha njia wazi. Baba Mkubwa akangoja kidogo tena, kisha akapita. Nilimwona akijifuta macho kwa mkono wa kanzu. Bibi yetu aliyecheka maisha yake yote alitoka nyumbani kwake kimya kimya, na hapo ndipo nilipojua tumepoteza nini.

Walewale wa madebe, niliwatafuta kwa macho, hawakuonekana.

Siku ya kuanua matanga uani kulijaa. Shomari alikuwa hajala vizuri tangu mazikoni. Alimwendea Baba Mkubwa akamwambia anataka kumwita Mama Masanja chumbani amwombe radhi. Baba Mkubwa akamjibu, "Ulimtukana chumbani?"

Basi akatoka mbele za watu wote, wanaume kwa wanawake, akavua kofia akapiga magoti mchangani. "Mama," akasema, "nilikuvunjia heshima mbele ya watu, nami nakutaka radhi mbele ya watu. Nilisema ni utani. Haukuwa utani. Bibi alikuulizia mpaka siku ya mwisho, na mie ndiye niliyekuzuia usije." Ile sauti ya kusikika Mtoni ilikuwa haifiki hata kwenye mkeka wa pili. Kisha akageuka kwa Masanja, akamwomba naye.

Mtoto akalia, akanyamazishwa. Kisha Mama Masanja akainuka, akampita Shomari bila kumtazama, akaingia ndani, nasi tukasema basi, amekataa, na ana haki yake.

Alipotoka alikuwa amevaa kanga za Bibi. Ameshika mkongojo wa Bibi, mgongo ameupinda, anakohoa kikohozi kile kile. Akajikongoja mpaka kwa Shomari, akamgonga begani na mkongojo, akasema kwa sauti ya Bibi hasa, "We Shomari. Mdomo mpana kama mlango wa ghala, na ndani hamna hata punje. Nani kakwambia mie nizikwe kama mgeni asiye na jamaa? Na kuku wangu yuko wapi?"

Sijawahi kusikia uani pakilipuka vile. Tulicheka, tukalia, sijui kipi kilianza. Mie nilikuwa sijamlilia Bibi tangu afariki, na siku hiyo nililia mpaka Mama akaja kunishika. Shomari alibaki kwenye mchanga anapigwa mkongojo na kutukanwa na mtani wake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudishiwa uhai. Masanja akaenda bandani, akamkamata kuku mkubwa kuliko wote, akaondoka naye.

Baadaye tulirudi uwanjani. Wazee wa klabu wakaweka sharti kwamba wimbo mpya uimbwe kwanza mbele ya mikeka ya kina mama, na ukikataliwa hapo, haufiki kwa madebe. Wageni wakileta matusi, Shomari mwenyewe ndiye aliyekwenda kuwanyamazisha. Lakini radhi aliyoipata, Bibi hakuisikia. Shomari alizeeka nalo hilo, Mungu amrehemu, na kila alipolisema alikuwa akishindwa kumalizia.

Mwanangu, sikukatazi kushangilia. Mpira bila kelele ni sawa na harusi bila ngoma. Mtanie mwenzako, mwambie miguu yake mizito, mwambie golikipa wao ana mikono ya siagi, na akikujibu ucheke zaidi yake. Ila ukitaka kufungua mdomo, mtazame kwanza yule unayemsema. Jiulize kama anaweza kukujibu. Jiulize kama mama yake yupo, na kama mama yako angekuwa amekaa karibu naye ungelisema hilo hilo. Na ujiulize kama siku ya msiba wake utakwenda kubeba jeneza, na yeye kama atakuja kwako. Ukiona huwezi kwenda, huyo si mtani wako, na hayo unayoyasema si utani, ni matusi. Mzaha mzaha hutumbua usaha. Na ukishakosea, maana utakosea, usingoje magharibi. Nenda mchana huo huo, miguu ikiwa bado inatetemeka.

Njoo nikushike kichwa. Mwenyezi Mungu akulinde na ulimi wako mwenyewe kabla ya ndimi za watu. Akupe timu ya kukufurahisha, na ikifungwa akupe moyo wa kula na walioifunga. Akupe watani wengi, na siku yako itakapofika, mbali sana huko mbele, wakukute umewatendea mema, waje wazibe mlango, wakatae kabisa usipite. Amina.