Kikombe cha Kwanza

Juzi sokoni muuza dawa alinimiminia chai ya mizizi. Nikamwambia aanze yeye kunywa. Akacheka, akasema, "Mama, mimi siumwi." Nikamrudishia kikombe.

Maneno hayo aliwahi kuyasema baba mdogo Njiku, kijijini kwetu Mungaa, nikiwa mtoto, mchana ule mimi na mdogo wangu Hamisi tulipokuwa na homa. Dawa za nyumbani kwetu alikuwa anachanganya bibi. Mzizi alitia kipande kadiri ya ukucha tu, na kikombe cha kwanza alikuwa anakunywa mwenyewe mbele ya mgonjwa. Siku hiyo alikuwa msibani. Njiku, ambaye hakufundishwa na mtu, alitia kiganja kizima. Harufu kama ya ngozi mbichi ikatukaba.

"Hunywi kwanza, baba?" Hamisi akauliza.

"Mimi siumwi. Kunywa."

Hamisi akanywa. Mimi niliogopa ule uchungu, nikamwaga yangu nyuma ya kihenge cha mtama. Kabla ng'ombe hawajarudi, mdogo wangu alitupatupa miguu, kisha akatulia.

Njiku aliona pale chini pamelowa. Akanishika shingo. "Umemwaga? Dawa ya wawili hunywewa na wawili. Umemuua mwenzio."

Nikaamini. Leo najua kumwaga kule ndiko kulikoniacha hai, na aliyemuua Hamisi ni Njiku.

Bibi aliporudi aliuliza jambo moja tu. "Njiku, ulianza wewe kunywa?"

"Nilianza, mama. Muulize huyu."

Akanigeukia. Kwa woga wa kuitwa muuaji, nikaitikia kwa kichwa.